Udongo wa msituni chini ya milima ya mvua: mfinyanzi 58% lakini maji hayatuami, inakuwaje?

Kijito

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada kwa wenye kuujua udongo maana hapa nimekwama, ninachokiona kwa macho na kilichoandikwa kwenye karatasi ya maabara haviendani kabisa.

Ni hivi, tumechimba shimo la kuchunguza udongo kwenye msitu wa asili ulioko chini ya milima, pale mteremko unapoanza kupungua ukali ila bado hujafika tambarare, na mvua huko ni karibu mwaka mzima. Shimo lina mita moja na nusu na mwamba hatujaugusa, kuna mawe machache tu yamezagaa humo ndani, yana kona kona. Juu kabisa kuna majani makavu, ukiyafunua unakuta mengine yameoza hadi huwezi kujua yalikuwa ya mti gani, halafu udongo mweusi sentimita kama 20 hivi, mlaini ajabu, ukiushika unaachia wenyewe mkononi na mizizi myembamba imejaa tele. Chini ya hapo rangi inageuka polepole, kahawia, kahawia nyekundu, mpaka mwisho wa shimo ni nyekundu tupu, huoni mstari wa kusema tabaka moja limeishia hapa lingine limeanzia hapa.

Sasa usiku imepiga mvua kubwa kwelikweli, asubuhi tumerudi shimo halina maji. Hata tope hamna, ni unyevu tu.

Majibu ya maabara ya lile tabaka jekundu: mfinyanzi asilimia 58, pH 4.6 (yaani udongo una tindikali), kalsiamu na magnesiamu chini, potasiamu chini, fosforasi ndo kabisa, karibu hamna kitu. Mfinyanzi wote huo maji yanapitaje? Na kama udongo ni maskini kiasi hicho, miti mikubwa vile inakula nini? Naulizia kwa sababu kwenye kikundi chetu kuna wenzetu wanashikilia tusafishe kipande tulime, hoja yao ni kwamba udongo mweusi unajieleza wenyewe, na mi roho yangu haijatulia na hilo.

Jembe_Refu

Mkuu rudisheni sampuli, mfinyanzi 58% haupitishi maji namna hiyo, yangebaki shimoni siku mbili tatu. Inawezekana mifuko imechanganywa. Udongo wa kupitisha maji haraka ni wa kichanga, hilo linajulikana.

Mpima_Udongo

Jembe_Refu samahani mkuu ila hapo sikubaliani na wewe, hiyo namba inaweza kuwa sahihi kabisa na shimo likabaki kavu vilevile.

Maabara wanachopima ni ukubwa wa chembe moja moja. Wanachukua udongo wanautikisa kwenye maji yenye dawa ya kuzitenganisha chembe, halafu wanaangalia zinavyozama, zilizo ndogo kuliko milimita 0.002 ndo wanaziita mfinyanzi. Lakini kule shimoni chembe hazikai moja moja, zimeshikana. Na kwenye udongo mwekundu wa zamani wa sehemu za joto na mvua nyingi, mfinyanzi wenyewe mara nyingi ni wa aina ya kaolini ambao hauvimbi ukilowa, halafu kuna chuma kilichooksidika, ambacho ndicho kinachotoa ule wekundu, kinazigandisha chembe kuwa vidonge vidogo vigumu vya saizi ya mchanga. Maji yanapita katikati ya vidonge, hayahangaiki kupita kati ya chembe na chembe. Kwa hiyo mfinyanzi ni mwingi kweli lakini kwa maji udongo huo unafanya kazi kama kichanga. Usiufananishe na ule mweusi wa mabondeni unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka, ule ukishalowa umejifunga.

Kijito kama bado unao huo udongo mwekundu fanya hivi. Weka kipande kwenye kiganja, lowesha kidogo, anza kuufinyanga. Mwanzoni utausikia una chengachenga, utasema huu ni tifutifu au hata una mchanga. Usiache, endelea kuusugua na kuukanda huku unadondoshea maji kidogo kidogo, baada ya dakika kadhaa chenga zitapotea, utaanza kunata na kuteleza kwenye vidole, na ukiusukuma kati ya dole gumba na kidole cha shahada utatoa utepe mrefu, zaidi ya sentimita 5 ndo unakatika. Hapo umevunja kwa mkono vile vidonge ambavyo maabara wamevivunja kwa dawa. Anayeishia ile hatua ya kwanza ataandika tifutifu kwenye daftari na atabishana na maabara maisha yake yote.

Ila kwangu mimi kitu kikubwa kuliko vyote kwenye maelezo yako ni rangi. Chuma kikiwa kwenye hewa kinabaki chekundu, cha njano au kahawia. Maji yakituama muda mrefu vijidudu vinaimaliza oksijeni halafu vinahamia kwenye chuma, kinayeyuka, kinaondoka na maji, kinachobaki ni udongo wa kijivu, na mara nyingi unaona madoa ya kutu kwenye njia za mizizi ambako hewa kidogo ilipenya. Ukikuta kijivu chenye madoa kwenye sentimita 40, jua hapo maji yanasimama kwa msimu hata kama siku uliyochimba ni pakavu kabisa. Nyinyi mmeenda mita moja na nusu hamjakutana na doa hata moja. Huo ni ushahidi wa miaka na miaka, mvua ya usiku mmoja inaongezea tu. (Tahadhari moja, kuna sehemu mwamba wenyewe ni mwekundu na udongo unarithi rangi, kwa hiyo tafuteni madoa na kijivu, msiangalie wekundu peke yake.)

Kuhusu kina, wapimaji wa Marekani wanahesabu udongo wa sentimita 100 mpaka 150 juu ya mwamba kuwa ni wa kina kirefu, ukipita 150 ni kirefu sana, chini ya 50 ni kifupi. Na kwenye suala la kutoa maji wana madaraja 7, wenu ungekaa kwenye daraja la unaotoa maji vizuri, ambalo siyo la juu kabisa. La juu kabisa ni la unaotoa maji kupita kiasi, changarawe kwa mfano, maji yanapita yote na mvua ikikata kidogo tu mimea imenyauka. Wenu unaachia maji ya ziada, ila ndani ya vile vidonge na kwenye mboji unabaki na unyevu ambao mizizi inautumia.

Msitu_Asili

Mpima kamaliza upande wa maji, mi niongezee kuhusu umaskini wa udongo na ile miti, maana maswali yako mawili Kijito kwa kweli ni swali moja.

Piga hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Sehemu ikipata milimita 2000 kwa mwaka, kila mita ya mraba imemwagiwa lita 2000. Miti inarudisha sehemu kubwa hewani, lakini kinachobaki hakina pa kukaa juu kwa sababu udongo wenu haukizuii, kinashuka moja kwa moja mpaka kwenye chemchemi na vijito. Na kila kinaposhuka kinaondoka na kalsiamu, magnesiamu na potasiamu iliyoyeyuka, mwaka huu, mwaka ujao, maelfu ya miaka. Nafasi zao kwenye mfinyanzi zinachukuliwa na haidrojeni na alumini, ndo hiyo pH 4.6 unayoiona. Sifa ileile inayofanya shimo lenu lisijae maji ndiyo iliyoufukarisha udongo. Vitu hivi viwili haviwezi kutenganishwa na ndo maana hoja ya "udongo mweusi unajieleza" inanitisha kidogo.

Fosforasi ni habari nyingine, yenyewe kwa kawaida haijaoshwa, ipo, ila chuma na alumini vimeikamata vikaishikilia kiasi kwamba mizizi ikiitafuta inaipata kwa shida, na kipimo cha maabara kinaonyesha kile kidogo kinachopatikana.

Sasa miti inakula nini. Inakula majani yake yenyewe, matawi yaliyoanguka, mizizi iliyokufa, wadudu, vyote vikiozeshwa pale juu na fangasi na bakteria. Angalia ile mizizi myembamba uliyosema imejaa kwenye udongo mweusi, fungua taratibu tabaka la majani yaliyooza utaona mingine imepanda kabisa kuingia kwenye majani yenyewe, na kuna nyuzi nyeupe nyembamba za fangasi zinaunganisha jani bovu na ncha ya mzizi. Kirutubisho kinatoka kwenye jani kinaingia kwenye mzizi kabla mvua haijakipata. Mizizi mingi ya kulisha mti ipo kwenye sentimita 20 mpaka 30 za juu, ile inayoshuka kwenye tabaka jekundu kazi yake kubwa ni kushika mti, kutafuta maji wakati wa ukame, na kuokota kidogo kilichoponyoka. Kwa hiyo utajiri wa pale uko kwenye mzunguko, na sehemu kubwa umebebwa na miti yenyewe. Udongo mweusi ni sehemu ya njia tu ambapo utajiri huo unapita.

Na hayo mawe ya kona kona usiyapuuze. Mawe ya mto huwa yameviringika, hayo ya kwenu yameshuka na udongo kutoka juu mlimani kwa mvuto wa mteremko, kidogo kidogo. Ndo sababu moja ya kina hicho, udongo unapokelewa kutoka juu huku mwamba wa chini nao unaendelea kuoza. Mizizi na vijidudu vinapumua, hewa iliyomo udongoni inakuwa na kaboni dioksaidi nyingi mara kadhaa kuliko ya huku juu, ikikutana na maji inakuwa tindikali hafifu, na tindikali hiyo na joto na muda vinaulainisha mwamba. Halafu mti mkubwa ukianguka na mizizi yake unanyanyua rundo la udongo wa chini unaulaza juu, unaacha shimo na kichuguu pembeni, mamia ya miaka ya hivyo lazima matabaka yachanganyike, sishangai hamuoni mstari. Mtaalamu wa udongo Hans Jenny mwaka 1941 alieleza kwamba udongo unatengenezwa na vitu vitano, hali ya hewa, viumbe, umbo la ardhi, mwamba mama na muda. Hapo kwenu karibu vyote vinasukuma upande mmoja.

Kijito

Asanteni sana aisee, hapa nimepata zaidi ya nilichouliza. Nimeufinyanga ule uliobaki kwenye mfuko na ni kama Mpima alivyosema, mwanzo chenga tupu, baadaye umenata hadi kuutoa kwenye kucha ni kazi, na utepe umetoka mrefu.

Swali langu la pili basi. Tukisafisha kipande, ule weusi na ulaini unakaa muda gani? Na kuna kipimo chochote rahisi ambacho naweza kuwafanyia wenzangu wakaona kwa macho yao, maana nikienda na maneno ya alumini sijui na kaolini watanisikiliza kwa heshima halafu wataleta mapanga.

Jembe_Refu

Kwenye mfinyanzi nimewaelewa. Ila mkuu umaskini wa udongo ni ugonjwa unaotibika, mnaweka chokaa tindikali inapungua, mnaweka mbolea, mnaendelea. Udongo wa kina kirefu usiotuamisha maji ni bahati, watu wengi wanautafuta. Sioni sababu ya kuuogopa.

Msitu_Asili

Jembe una hoja na kuna mazao ya miti yanayovumilia tindikali yanastawi vizuri sana kwenye udongo wa namna hii, chai kwa mfano inapenda pH ya 4.5 mpaka 5.5. Sipingi hilo. Ninachopinga ni kuamini kwamba ukiondoa msitu unabaki na udongo uleule.

Chukua ule weusi. Mboji ipo kwa sababu kila mwaka inaongezwa kama inavyooza. Ukikata, nyongeza inakatika, jua linapiga udongo moja kwa moja, jembe linaingiza hewa, uozaji unaongeza kasi, na kinachopotea kinapotea zaidi miaka ya mwanzo mwanzo. Mavuno ya kwanza yanaweza kuwa mazuri hasa kama mmechoma, majivu yanapunguza tindikali kwa muda, na hapo ndo watu wanadanganyika wanasema si mliona. Baadaye mboji imepungua, na kwenye udongo wa kaolini mboji ndiyo ilikuwa inashikilia virutubisho kwa sehemu kubwa, kaolini yenyewe haina uwezo huo. Kwa hiyo ile mbolea unayosema, potasiamu na naitrojeni zinaoshwa na mvua ileile kabla zao halijaimaliza, na fosforasi inakamatwa na chuma. Inabidi uweke kidogo kidogo mara nyingi na karibu na mzizi, ni gharama na ni kazi ya daima.

Halafu ulaini. Udongo wa juu wa msitu mara nyingi uzito wake ni chini ya gramu 1 kwa sentimita moja ya ujazo. Chembe zenyewe za madini zina gramu kama 2.65, maana yake zaidi ya asilimia 60 ya ule udongo ni matundu. Ukanyagwe, upitiwe na mashine, upigwe na matone ya mvua bila majani juu yake, ukifika gramu 1.35 matundu yamebaki kama nusu hivi. Unaweza kusema nusu si haba, lakini yanayokufa kwanza ni yale makubwa, njia za mizizi ya zamani na za minyoo, ambayo ndiyo yanayomeza mvua kubwa. Yakiziba, maji yanaanza kutembea juu ya ardhi, na kwenye mteremko maji yanayotembea juu yanaondoka na tabaka jeusi lenyewe.

Na kuna jambo ambalo naomba Kijito ulifikishe kwa wenzako hata kama mengine watayaacha. Udongo wa kina kirefu kwenye mteremko wa mvua nyingi unashikiliwa na mizizi. Ukikata miti, mizizi haifi nguvu siku hiyo, inaoza taratibu, baada ya miaka michache nguvu yake imeshuka sana na mimea mipya bado haijashika, na mvua kubwa ikija wakati huo mteremko wote unaweza kuporomoka. Watu wanakuwa wameshasahau kuhusu ukataji, wanalaumu mvua. Kama kuna makazi chini ya hicho kipande, kwangu mazungumzo ya kusafisha yanaishia hapo.

Mpima_Udongo

Naunga mkono, hasa hilo la mwisho, na ongezea kwamba sehemu za chini ya milima ndiko maji ya mteremko mzima yanakopita, udongo wenu haupokei mvua inayouangukia tu.

Kuhusu kipimo cha kuonyesha watu, kipo na hakihitaji maabara. Chimbeni tundu la kina cha sentimita 30 na upana kama huohuo, jaza maji, acha yaishe kabisa ili udongo wa pembeni ulowe, kisha jaza tena, simamisha kijiti chenye alama za sentimita, hesabu maji yameshuka kiasi gani kwa saa. Kwa mimea mingi kushuka sentimita 2.5 mpaka 7.5 kwa saa ni vizuri, chini ya hapo maji yanachelewa, yakipita 10 yanakimbia mno. Lifanyeni ndani ya msitu, kwenye njia inayokanyagwa kila siku, na kwenye shamba lililosafishwa zamani ambalo liko kwenye mteremko wa aina ileile na udongo uleule mwekundu. Kila sehemu chimba zaidi ya tundu moja maana msituni ukiangukia kwenye njia ya mzizi uliooza maji yatapotea huku unaangalia, namba moja haitoshi. Wenzako wasimame pale wenyewe na wao ndo wasome kijiti.

Cha pili, mmepima tabaka jekundu tu, ule mweusi hamjaupima. Chukueni sampuli kwa kina tofauti, sentimita 0 mpaka 10, 10 mpaka 30, 30 mpaka 60, kila kina mfuko wake, na majani ya juu yaondoe kwanza usiyachanganye humo. Chukua sehemu kadhaa za kipande uchanganye zile za kina kimoja. Maabara muwaombe kaboni ya mboji na alumini inayobadilishana (ile iliyoshikwa kwenye mfinyanzi na inayoweza kuachia) pamoja na kalsiamu, siyo pH peke yake, kwa sababu chini ya pH 5.5 alumini inaanza kuyeyuka na ndiyo inayochoma ncha za mizizi, na udongo miwili yenye pH moja inaweza kuwa na alumini tofauti kabisa. Mkichora hizo namba kwa kina mtaona virutubisho vimekaa wapi na vinaishia wapi, na nadhani kalsiamu itakuwa imeshuka sana kabla hata hamjafika sentimita 30.

Shimo mlilochimba pia msilifukie kwanza. Lizungushieni kitu asitumbukie mtu, pitieni kipindi cha mvua kali kuliko zote, muone kama maji yanachuruzika kutoka ukutani na ni kwenye kina gani. Yakichuruzika pembeni kwenye kina fulani wakati sakafu ya shimo haijafurika, basi kuna tabaka humo linapunguza mwendo wa maji hata kama rangi haijalionyesha, na hapo ndipo mteremko unaweza kuachia. Ukipata namba zilete hapahapa tuziangalie pamoja.